Awe Mkongo Mpaka Kengele Ilie

Ujiji, Kigoma

Mwanangu,

Mguu wa baba yako bado unamsumbua, lakini msikitini anafika, na anayeweza kubishana habari za mpira kutwa nzima hajawa mgonjwa.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa yule kijana wa boti. Nilicheka pale uliposema darasa lako la awali limegeuka soko la Kibirizi, ingawa najua hukuniandikia kunichekesha. Una mtoto wa kiume anayejifunga kanga kila siku na kwenda kuanika dagaa. Una mwingine anayejifanya Mkongo, mpaka wenzake wameanza kumwita hivyo hata nje ya mchezo. Halafu una mzazi aliyekujia juu kwamba hakumleta mwanawe shule acheze.

Nianze na mzazi, maana huyo ni mwepesi. Usimsomee nyaraka, ingawa nyaraka ziko upande wako. Mtaala wa elimu ya awali unataka mtoto ajifunze kwa michezo, na programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021 imeweka fursa za ujifunzaji wa awali sambamba na afya na lishe. Wewe mpe kigoda asubuhi moja, akae kwenye kona ya duka amwangalie mwanawe akiuza. Atamwona anapima mchanga kwa kisado, anarudisha chenji ya vifuniko vya soda, anamkatalia mkopo mteja mwenye deni la jana. Atasikia na maneno anayoyatumia kumkatalia, na huenda akayatambua, kwa sababu ni yake yeye mwenyewe. Baada ya hapo hutakuwa na kazi ya kumweleza.

Sasa huyo wa kanga. Mama yake anaanika dagaa, umesema. Basi mtoto akiamka anamkuta mama yuko kwenye chanja, anawamwaga, anawatandaza, anawageuza jua likipanda, anafukuza kunguru, huku jicho moja liko juu ya wingu, kwa kuwa mvua ikiwakuta hapo ni hasara. Baba usiku yuko ziwani kwenye kipe, chombo cha kuvulia dagaa, mchana amelala. Unataka mtoto wa miaka mitano aigize kazi ya nani, ya mtu aliyelala? Anamwigiza mtu mzima anayemwona akifanya kazi, na anaona fahari kuwa wa mtu huyo. Ukimvua kanga mbele ya wenzake utakuwa umemwambia kwamba kazi ya mama yake ni ya kuonea haya. Iache kanga pale pale. Ongeza kasia, kipande cha wavu na taa ya sola iliyokufa, kisha usimwelekeze mtu. Siku moja atakwenda ziwani mwenyewe, na asipokwenda, dagaa wa kuanika hawajaisha.

Huyo Mkongo ndiye anayenifanya nikuandikie kwa kirefu.

Unajua sisi ni nani. Wazee wetu wengi walifika Ujiji na misafara iliyotoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, wengine wapagazi, wengine watumwa. Hapa walivaa kanzu, wakasilimu, wakachukua majina mapya, wakataka waitwe waungwana. Kuna walioucheka uungwana huo wakauita wa kuvaa. Mimi nasema ulivaliwa kweli, na ukavaliwa siku nyingi mpaka ukakaa mwilini. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Tanganyika ilikuwa na ngoma za beni, kundi la Marini upande mmoja na la Arinoti upande mwingine. Watu wazima wenye ndevu walikuwa wakipeana vyeo vya mfalme, jenerali na daktari, wakatembea kwa gwaride na sare. Mtu ambaye mchana kutwa aliitwa boi nyumbani kwa mzungu, jioni anapigiwa saluti. Hata meli yetu haikuzaliwa na jina la Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapa Kigoma, ikazamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, na ilipoanza tena safari mwaka 1927 ndipo ikawa Liemba. Katika mji wa namna hii, mtoto kujaribu kuwa mtu mwingine kwa nusu saa si jambo la kumshtua mwalimu.

Vygotsky, yule Msovieti tuliyemsoma chuoni, alikuwa na maoni kwamba mtoto akiwa mchezoni hupita kimo chake cha kila siku. Mimi nimeliona hilo pale pale darasani kwako nilipokuja. Mkeka ulikuwa meli, nahodha alikuwa yule binti mfupi asiyeongea, na honi ilikuwa kopo la maziwa. Alipoipiga, watoto waliokuwa ndani ya mabeseni walijisukuma kwa makalio mpaka ubavuni, wakagombea abiria na mizigo kama mitumbwi inavyofanya kweli kwenye vijiji visivyo na gati. Nahodha akapaza sauti: mbuzi kwanza, watu baadaye! Nani angedhani ana sauti ile? Wewe ulikuwa unakaribia kumwambia apunguze kelele, nikakukonyeza.

Kwa hiyo huyo kijana na awe Mkongo mpaka kengele ilie. Aseme "niko na franka, leta ndagala" kama anavyowasikia wanunuzi. Kengele ikilia, mwite kwa jina lake, kwa sauti, la kwake na la baba yake, na wanaoendelea kumwita Mkongo waambie soko limefungwa. Mpaka huo watoto wanauelewa kuliko sisi. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, hapa uani kwangu walicheza ziwa kufungwa: mmoja afisa uvuvi, mwingine anaficha nyavu chini ya kitanda. Wakati wa kula ulipofika afisa na mhalifu walinawa kwenye bakuli moja.

Lakini angalia jambo ambalo hukuniandikia. Huko kwenu upande wa Mahale, Wabembe ni wengi, na najua darasani mwako wamo watoto ambao bibi zao husema hivyo hivyo anavyoigiza huyo kijana. Wao wanasikiliza. Kama Mkongo wa mchezoni kila siku ndiye mwizi, ndiye mlaghai, ndiye wa kuchekwa, mtoto wa Kibembe anapata somo ambalo hukulipanga. Hapo ingia mchezoni, usihubiri. Chukua kapu, uwe mteja, uulize: "Huyu mgeni ametoka Kalemie, amesafiri usiku kucha. Mwenyeji wake ni nani? Amekula?" Utaona mtu mmoja anainuka kwenda kupika ugali wa mchanga, na mfanyabiashara anapata heshima yake bila wewe kumkaripia mtu. Usimgawie mtoto nafasi kwa kabila lake, eti wewe Muha beba mzigo, wewe Mbembe vua samaki. Zile siku za utamaduni ambazo watoto huvikwa majani mara moja kwa mwaka wapigwe picha, mimi sizipendi, nawe unalijua hilo.

Na ikitokea wanacheza kukimbia, mizigo kichwani, mtoto mgongoni, kimya kimya usiku, usiwakatize. Wengine wamesimuliwa habari za kukimbia vita, na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ipo tangu 1996. Kaa jirani. Mchezo ukizunguka pale pale, hofu tupu bila kufika, wewe uwe mwenye nyumba watakayoikuta njiani. Fungua mlango, tandika mkeka, uliza nani ana kiu. Mtoto akiogopa kweli kweli, mwili ukakakamaa, mpakate, mchezo uishe, na ukazungumze na mama yake taratibu.

Nimempa kijana wa boti kifurushi: kanga mbili zilizochanika, kofia ya baba yako asiyoivaa tena (hajui, usimwambie), mizani iliyokufa ya duka la jirani, na kipande cha wavu. Mizani ina ncha kali upande wa chini, ifunge kitambaa kabla hujaiweka kwenye kona. Vyungu sikutuma, udongo unao huko, wafinyange wenyewe. Ukiweza nitumie migebuka wakavu, wa huku siku hizi bei haishikiki.

Wasalaam,
Shangazi yako