Kopo la Vitu Visivyo Dhahabu

Barabara ya taifa namba 5 ya Kongo hutoka Uvira ikiandamana na Ziwa Tanganyika hadi Makobola, Swima, Mboko, kisha Baraka, mji uliokaa ukingoni mwa ghuba ambayo Rasi ya Ubwari imeikinga kwa upande wa mashariki. Ukitoka Baraka, njia inayaacha maji na kupanda milima kwenda Fizi. Motari, dereva wa pikipiki aliyenibeba, alikuwa akizima injini kwenye kila mteremko ili kuokoa mafuta, hivyo kwa sehemu kubwa ya safari tulisikia upepo na breki tu.

Nilikuwa nikielekea Misisi, sekta ya Ngandja, kwenye machimbo ya dhahabu. Wengi huko huchimba kwa sululu na karai. Mwenyeji wangu, mwanamume wa Kibembe aliyerudi nyumbani baada ya kukulia katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ng'ambo ya ziwa huko Kigoma, alikuwa na mashine: fimbo yenye sahani ya duara chini na vidude vya kuvaa masikioni. Ndani ya sahani mna waya uliozungushwa. Umeme ukipita humo huamsha nguvu ya sumaku inayoingia ardhini. Ikikuta metali, metali nayo huamsha nguvu yake ndogo ya kujibu, na mashine hulia. Mlio hausemi kilicholia ni nini. Ardhi nyekundu ya huku yenyewe ina chuma kingi, kwa hiyo mara nyingine mashine hulia kwa udongo mtupu, na mwenyewe huitukana kama mtu anayemkaripia mbwa anayebwekea kivuli.

Kila kisicho dhahabu alikitupa ndani ya kopo kubwa la maziwa ya unga. Nilivutiwa na kopo hilo kuliko dhahabu yake, ambayo kusema kweli ilikuwa haba.

Tulilimimina juu ya gunia. Kwanza yalidondoka mawe meusi mazito, yenye mikunjo kama uji uliomwagika ukaganda. Alidhani ni vimondo. Yalikuwa mavi ya chuma, mabaki ya tanuri za wahunzi. Katika nchi za Maziwa Makuu ufuaji huo ni wa kale sana. Kule Katuruka, Kagera, wataalamu wa mambo ya kale walifukua tanuri zenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Yale ya Misisi hayakuwa na cha kutuonyesha umri wake. Ila palipo na mavi ya chuma palikuwa na mhunzi, na palipo na mhunzi palikuwa na jembe. Jembe la chuma halikuwa la kulimia tu. Lilitolewa pia mahari. Mama mmoja jirani alipoona kipande chenye ncha ya mkia alikichukua mkononi, akakipima uzito, akasema: "Hili lilikuwa jembe, papa. Limelimishwa mpaka likaisha."

Kipande cha waya mnene wa shaba ya njano, uliopindwa kama springi, nacho kina historia ndefu. Mwaka 1858 wasafiri Waingereza Burton na Speke walipovuka ziwa kwa mitumbwi kutoka Ujiji kwenda Uvira, misafara ya pwani ilikuwa ikilipa njia na chakula kwa nguo, shanga na waya. Waya huo uliviringwa ukawa vitindi vya kuvaa mkononi na mguuni. Anayedhani ni springi ya mashine aukunje kidogo: shaba hupinda bila kurudi, chuma cha springi hurudi.

Sarafu zilikuwa rahisi zaidi, maana sarafu hujitaja. Moja ilikuwa na pembe sita na tembo: faranga 2 za Kongo ya Ubelgiji, mwaka 1943, iliyopigwa Philadelphia, Marekani, wakati Ubelgiji yenyewe ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Nyingine ilikuwa imekwanguliwa sana, lakini ukiilaza dhidi ya jua la jioni herufi zilisimama: D.O.A., yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani, na chini yake T. Hiyo ni heller 20 ya Tabora, 1916. Wajerumani walikuwa wamezingirwa, sarafu kutoka Ulaya haziji, wakaamua kuzipiga wenyewe. Pamoja nazo walitengeneza za dhahabu za rupia 15, zenye tembo mbele ya mlima, vipande 16,198 tu. Tabora iliangukia mikononi mwa majeshi ya Ubelgiji Septemba 1916, na askari wengi wa majeshi hayo walikuwa Wakongo. Sarafu kuvuka ziwa ndani ya mfuko wa askari si muujiza. Mwenyeji wangu alipojua kwamba ya dhahabu ipo, aliitazama hii ya shaba kwa chuki.

Kisha maganda ya risasi, mengi kuliko vyote.

Hapa sumaku na rula ya mwanafunzi zinatosha kuanzia. Ganda la chuma lenye urefu wa milimita 39 lilitoka kwenye bunduki za aina ya Kalashnikov. La shaba lenye milimita 51 ni la majeshi ya NATO, risasi za bunduki FAL za Ubelgiji. Kwenye kitako kuna namba: ya kiwanda upande mmoja, ya mwaka upande wa pili. Herufi bxn ni za Chekoslovakia, na namba 539 ni kiwanda cha Tula, Urusi. Aprili 1965 Che Guevara aliingia Kibamba akitokea Kigoma kuwasaidia waasi wa Simba, waliokuwa wakipokea silaha za Kichina na Kisovieti kupitia Tanzania. Mamluki wa Mike Hoare, waliopigania serikali, wakaja kwa maji na kuitwaa Baraka mwaka huohuo, na Novemba Che akaondoka. Ni kishawishi kikubwa kuona mwaka 64 kwenye kitako na kusema, "Hii ni ya Che." Mwaka huo husema tu kwamba risasi haikuwepo kabla. Risasi hukaa ghalani miongo mingi, na Fizi imepigana tena tangu hapo: maquis, yaani uasi wa msituni, ya Laurent-Désiré Kabila, vita vya 1996, vya 1998, na makundi ya Mai-Mai hadi leo.

Kitu kimoja hakikuwa koponi. Mwenyeji wangu alikionyesha kwa mbali, kimezungushiwa vijiti: mkia wenye mapezi ya bati ukichungulia kwenye majani. Bomu la mota. Kongo imefungwa na mkataba wa Ottawa, unaokataza mabomu ya kutegwa ardhini, tangu Novemba 2002, na tarehe ya mwisho ya kuyaondoa, iliyokuwa 2012, imesogezwa mara kadhaa. Wateguzi hutumia mashine za jamii ileile, ila kwao kila mlio ni mauti mpaka ithibitike vinginevyo. Mtafuta dhahabu hufikiri kinyume, na ndiyo maana hufukua kwa jembe. Huyu angalau aliacha vijiti, akamwarifu chifu.

Sheria ya Kongo ya Machi 1971 hulinda mali ya utamaduni, lakini makumbusho ya taifa yako Kinshasa, mwisho mwingine wa nchi, na mnunuzi wa vyuma chakavu yuko Baraka. Nilimkuta huko na mizani yake ya ndoano. Ana sumaku pia, ya kutoka kwenye spika ya redio: kinachonata ni bei ya chini, kisichonata ni shaba au alumini, bei ya juu. Waya wa vitindi, maganda na sarafu huingia gunia moja, hupimwa kwa kilo, na mpakizi huandika uzito kwa chaki kabla ya kulibeba hadi kwenye boti.