Tutoke Lini? Kutoka Mgogoni Hadi Paa la Hurumzi

Kuna ahadi moja ambayo wanandoa wengi tunapenda kuitoa kuliko kuitimiza: "Iko siku tutatoka, mimi na wewe tu, tukale pahala pazuri." Mume wangu aliniambia maneno hayo wiki ya harusi yetu, tumekaa barazani kwa mama yake Mgogoni, kaskazini mwa Pemba. Iko siku hiyo ilichukua miaka minne kufika!

Mwenzangu anasomesha huko huko Mgogoni. Mimi nahariri gazeti Dar es Salaam. Ndoa yetu inaishi kwenye simu, kwenye boti na kwenye likizo. Tukisema "tutoke" hatuna maana ya kuvaa na kuita teksi. Ni gari mpaka Mkoani, kusini kabisa mwa kisiwa, halafu boti mpaka Unguja, halafu kitanda cha kulala, ndipo useme chakula. Ukikosea siku, umekosea vyote.

Na sisi tulikosea. Mwaka wa kwanza tulichagua tarehe ya ndoa yetu bila kutazama kitu kingine. Ikaangukia masika. Tulifika kwenye mgahawa mmoja wa Mji Mkongwe wenye meza juu ya paa, mvua inamwagika, tukahamishiwa chini karibu na mlango wa jikoni. Pesa tukalipa ile ile. Mwaka wa pili tukaenda mwisho wa Desemba. Jibu: "Samahani, tumejaa mpaka mwaka mpya." Mwaka wa tatu hatukwenda kabisa. Karafuu zilikuwa tayari.

Karafuu haingoji mtu

Kama hujawahi kufika Pemba msimu wa karafuu, nenda japo mara moja. Harufu inakupokea kabla ya wenyeji. Majamvi yametandazwa kila penye jua, watoto wako juu ya mikarafuu, na watu wazima wanachambua vikonyo mpaka usiku. Mavuno makubwa huwa zaidi nusu ya pili ya mwaka, na hapo hakuna mtu mwenye nafasi ya kwenda kukaa juu ya mito kusubiri samaki wa nazi.

Mama mkwe ndiye aliyenifundisha. Tulikuwa tunachambua pamoja nami nalalamika kwamba mwanawe hana muda. Akacheka, akanionesha kikonyo kilichokwisha kuchanua. "Mwanangu, karafuu huchumwa kabla haijafunguka. Ikishachanua hivi, ni ua tu. Zuri, lakini bei hakuna."

Nilidhani anazungumzia karafuu. Usiku ndipo nikaelewa kwamba ananisema mimi. Kuna neno nilikuwa nalo moyoni mwaka mzima: nimechoka kuishi mbali na mume wangu. Kila tulipokutana niliona si wakati wake. Leo amechoka, kesho kuna wageni, keshokutwa boti inaondoka. Nikawa nalingoja lile pahala pazuri ndipo niseme.

Basi tukakaa na kalenda, safari hii kwa akili. Haya ndiyo tuliyoyapima, na wewe yapime kabla hujamwahidi mtu.

Mwezi gani?

Masika ni kati ya Machi na Mei. Bei za hoteli mara nyingi hushuka, lakini paa na mvua havipatani. Julai na Agosti, na tena mwisho wa Desemba, wageni wa Ulaya wako likizo na meza nzuri zinawahiwa. Februari kuna tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004. Raha tupu kwa anayependa muziki, lakini mji unajaa.

Halafu tazama Ramadhani, ambayo hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Mchana wa mfungo Zanzibar si wakati wa kutafuta mgahawa. Usiku baada ya futari mji unaamka upya, lakini watu wengi wanapenda kufuturu nyumbani na jamaa. Sisi tukachagua katikati ya Januari: kaskazi inavuma, mbingu safi, wageni wa mwaka mpya wamekwisha ondoka.

Siku gani, saa ngapi?

Achana na Ijumaa na Jumamosi. Jumanne au Jumatano mhudumu ana muda wa kukueleza chakula, na ukiomba meza ya ukingoni unaweza kuipata. Kama mnaishi kwa mshahara, msiende wiki ile ile ulipoingia, maana hapo mtu anaagiza kwa mihemko. Wekeni pembeni kidogo kidogo, muende pesa ikiwa tayari ina jina.

Saa ni muhimu kuliko yote. Unguja jua huzama karibu saa 12 na robo mwezi Juni, na karibu saa 12 na dakika 45 mwezi Februari. Ukifika saa moja usiku umelipia mandhari ambayo huyaoni. Fika saa kumi na moja na nusu. Na kama bajeti haifiki mlo kamili, uliza kama mnaweza kupanda kwa kinywaji tu wakati wa machweo, kisha mshuke Forodhani mkale mishikaki na urojo. Hakuna aibu.

Wanaopenda ule mgahawa ulioko juu ya jiwe baharini, The Rock, kule Michamvi Pingwe, wao wasome bahari. Siku za bamvua maji huwa yametoka mnamo saa nne asubuhi na yamejaa mnamo saa kumi jioni. Mnaweza kuingia kwa miguu na kutoka kwa mashua. Mpemba haulizi tovuti jambo hilo. Anatazama mwezi.

Juu ya paa

Tulichagua Emerson on Hurumzi, ndani ya Mji Mkongwe. Nyumba ile ilikuwa ya Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyesimamia forodha ya Sultani karne ya 19. Hoteli imebeba jina la Emerson Skeap, Mmarekani aliyependa nyumba za kale za mji huu na kufariki mwaka 2014. Si mahali pa kila wiki kwa mwalimu na mhariri, lakini si pa matajiri peke yao. Unapiga simu mapema, unauliza bei, unaweka nafasi.

Ngazi ni nyingi na zimesimama, kwa hiyo dada, viatu virefu viache. Na juu utavivua hata hivyo, maana unakaa chini kwenye mito. Paa za mabati, minara ya misikiti, minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu, na nyuma yake bahari. Upande wa Forodhani nilitafuta Beit al-Ajaib, ambayo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Jumba kubwa vile, watu walikuwa wakisema litatengenezwa, litatengenezwa.

Jua likazama, adhana ya Magharibi ikaanza msikiti mmoja, ukafuata wa pili, wa tatu. Mume wangu akashuka kuswali, nikabaki na juisi yangu ya ukwaju na moyo unaonidunda. Aliporudi nikamwambia kabla ya chakula kufika. Sikupamba. "Mimi nimechoka kuwa mke wa likizo."

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Nilikuwa nasubiri wewe uzoee." Kumbe naye! Miaka minne kila mmoja anamngojea mwenzake, na wote tunasema tunangoja siku nzuri.

Chakula nakikumbuka nusu nusu. Tulikula taratibu, tukahesabu pesa na miaka. Yeye ataomba uhamisho Unguja, mimi nitazungumza na ofisi yangu nifanye kazi siku kadhaa nikiwa Zanzibar. Mama mkwe tutamwambia pamoja, ana kwa ana, sio kwa simu. Bado hatujajibiwa kokote. Lakini asubuhi bandarini, tulipoagana, kwa mara ya kwanza sikulia.

Kwa hiyo msomaji, chagua mwezi usio na mvua, siku isiyo na watu na saa yenye jua. Hayo yote yana faida. Lakini kama kuna neno unalihifadhia siku hiyo, na siku inazidi kusogea mbele, liseme hata barazani, hata kwa chai na mkate wa kumimina. Meza nzuri mtaikuta tu.