Darasa la Mikoko Kule Gazi

Mwezi huu nimeombwa niandike kuhusu ile safari ya pwani ya walimu wa kujitolea. Mnajua sisi wa kambini hatutoki bila kibali, basi kukipata tu lilikuwa jambo. Kutoka huku Turkana ni mabasi mchana na usiku mpaka Mombasa, halafu feri ya Likoni, halafu matatu mpaka Gazi, kijiji cha wavuvi huko Kwale, kama kilomita 50 kusini ya Mombasa.

Mikoko ni miti inayoota kwenye maji ya chumvi, ukingoni mwa bahari. Kenya ina aina 9, na wenyeji wana majina yao: mkoko, mchu, mlilana, muia, mkandaa na mengine. Kule mwalimu hakufungua kitabu. Maji yalipokupwa aliwapeleka watoto topeni, miguu peku, kila kikundi kikatandaza kamba mraba wa mita moja na kuhesabu kilichomo: mizizi, mashimo ya kaa, miche. Kisha akawaambia walambe jani la mchu. Nami nikalamba. Chumvi kabisa! Mti ule hunywa maji ya bahari na kutoa chumvi kwenye majani. Mizizi yake huchomoza juu kama penseli, kwa sababu tope lile halina hewa, basi mti unapumulia juu. Mkoko wenyewe umesimama kwa mizizi kama miguu ya buibui, na mbegu yake huota ikiwa bado inaning'inia kwa mama yake, ndefu kama rula, ndipo huanguka na kujichoma topeni. Mtoto mmoja akasema, "Huu mti hautagi, unazaa." Jibu kama hilo sijalisikia darasani mwangu, na nina wanafunzi zaidi ya 90.

Maji yalipojaa tukapanda daraja la mbao la kikundi cha akina mama, linalopita katikati ya msitu. Wageni hulipa kidogo, na mama hao hupika wali wa nazi na samaki. (Wali ule, jamani!) Chini yetu samaki wadogo walikuwa wakiingia kati ya mizizi. Hapo ndipo wanapokulia, wamejificha wasiliwe na wakubwa.

Miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa sana kwa boriti na kuni za viwanda, sehemu nyingine zikabaki tope tupu. Kuanzia 1991 wakapanda upya. Tangu 2013 wana mradi uitwao Mikoko Pamoja, unaolinda hekta 117. Msitu unahifadhi kaboni, na watu wa nje hulipia hiyo kaboni. Pesa zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Na kwa sababu watu lazima wapike, wamepanda mivinje nchi kavu iwe ya kuni na kujengea. Hapo ndipo nilipowaza sana kwetu. Sote tunajua mama anarudije akienda mbali kutafuta kuni, na maneno yanayotokea kati yetu na wenyeji kwa ajili ya mti mmoja.

Niliporudi na kusimulia, mwanafunzi mmoja wa Kivu akauliza, "Mwalimu, kwetu Kongo iko bahari?" Wenzake wakacheka. Iko! Pwani yake ni fupi, haifiki kilomita 50, kule Moanda mto Kongo unapoingia Atlantiki. Iko na mikoko pia, na mwaka 1992 ilitengewa hifadhi ya taifa, na majini mna nguva. Kicheko kikaisha. Wale waliozaliwa hapa kambini wakaomba niandike "Moanda" ubaoni wanakili.

Wazazi wengine wanasema masomo ya nje ni mchezo, mtoto akae asome. Nawaheshimu, lakini mtoto aliyehesabu mizizi kwa mkono wake hata kwenye mtihani hasahau.

Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, darasa la sita tutakwenda ukingo wa laga na kamba zetu, tuhesabu migunga midogo na mathenge, tuone nani anamshinda mwenzake. Tunatoka saa moja asubuhi, tunarudi saa tatu kabla ya jua kali. Kila mtoto aje na daftari na chupa ya maji. Aliye na kamba ya mita nne atuazime. Mvua ikinyesha milimani hatutakwenda, maana laga hujaa ghafla.