Tunapanga Safari ya Msituni

Mtoto wa Butembo humjua okapi kwa noti. Humtazama kidogo kwenye ile noti ya faranga 1000, hununua mkate, na okapi akaenda zake katika sanduku la mwenye duka. Basi, mnyama huyo hana nchi nyingine duniani anakoishi kwa uhuru ila Kongo yetu, tena habari zake zilifika Ulaya kwa kupitia mlango wa Beni. Mwaka 1900 Mwingereza Harry Johnston, mtawala wa Uganda wakati ule, alivuka mto Semliki akafika kwenye boma la Beni, ambalo siku zile waliliandika Mbeni. Wambuti walikwisha kumwambia habari za mnyama wa msituni mwenye michirizi, na huko bomani akapata vipande vya ngozi yake ambavyo askari walivifanya mikanda. Wataalamu wa London walipoviona walidhani ni jamaa ya punda milia. Ngozi nzima na mafuvu mawili vilipofuata, ndipo wakakubali, mwaka 1901, kwamba huyu ni ndugu wa twiga. Wambuti hawakuwa na haja ya kungoja barua ya London.

Nayaeleza hayo kwa kuwa nafundisha darasa la sita, na wengi wa watoto wangu walizaliwa mwaka 2014 au karibu na mwaka huo. Wasomaji wa Beni hawahitaji kukumbushwa: tangu Oktoba 2014 raia wameuawa katika mashamba na vijiji vya pande zile, mwaka baada ya mwaka. Siku moja niliwapa watoto insha yenye neno moja tu, "Msitu". Nilitazamia kusoma habari za tumbili, asali, mbao na dawa za bibi. Nikasoma juu ya mapanga, juu ya watu waliokwenda kuvuna kakao wasirudi, juu ya mjomba aliyechukuliwa. Mtoto mmoja aliandika sentensi moja tu: kwamba msitu ni mahali wanapotoka. Hakusema ni akina nani, wala hakuhitaji kusema.

Tangu siku hiyo nimekuwa na nia ya kuwapeleka msituni, wauone kwa macho na kuukanyaga kwa miguu yao. Nia ni nyepesi, lakini mpango wake ni mzigo.

Mahali pa kwanza nilipopafikiri ni Epulu, katika Hifadhi ya Okapi huko Ituri. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1992, ina ukubwa wa kilometa za mraba 13,700 hivi, na mwaka 1996 iliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka mmoja tu baadaye ikaingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Nilichukua daftari nikapanga siku sita. Siku ya kwanza, Butembo mpaka Beni, kilometa 54, kulala kwenye jumba la parokia. Siku ya pili kuondoka alfajiri: Oicha, Eringeti, Luna, Komanda, kisha kugeuka magharibi na kulala Mambasa. Siku ya tatu Epulu. Siku mbili za kutembea msituni pamoja na viongozi wa Kimbuti, na ya sita kuanza kurudi. Vyandarua niliviandika kabla ya chakula, maana watoto wetu wamezaliwa kwenye baridi ya milimani na hawajui mbu wa bondeni. Viatu vya mpira, nguo za mikono mirefu, mchele, maharage, makayabo, chumvi. Nyama ya mwituni hapana kabisa, hata tukikaribishwa kwa moyo mwema: ugonjwa wa Ebola uliotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018 ulikwisha Juni 2020 baada ya kuua watu zaidi ya 2,200, na kila nyumba ya Butembo inakumbuka.

Niliandika pia mambo ya kuwaambia watoto mapema, ili wasije wakakata tamaa. Msitu si mbuga. Kule Rwindi, mtu aliweza kukaa garini akahesabu nyati kama ng'ombe wa jirani. Msituni jicho halifiki mbali. Unasikia tawi linavunjika, unanusa, unaona unyayo umejaa maji ya mvua, na mwenye unyayo amekwisha kwenda. Okapi hutembea peke yake, ana masikio makubwa, hukusikia kabla hujamwaza. Ulimi wake ni mrefu hata hujilamba macho. Mtu aweza kukaa msituni mwezi mzima asimwone.

Hapo zamani watu walimwona Epulu kwa urahisi, kwa sababu tangu mwaka 1952 palikuwa na kituo chenye mazizi ya okapi. Mzee mmoja wa mtaa wetu, aliyekuwa dereva wa malori ya kahawa, aliniambia: "Mwalimu, mimi nilipita pale mara nyingi na watoto wangu kabla ya vita. Tulisimama, tukanywa chai kando ya mto, watoto wakamtazama okapi akila majani, tukaendelea na safari. Hatukuita hiyo safari ya kupangwa. Ilikuwa njia tu." Tarehe 24 Juni 2012 waasi walikishambulia kituo hicho, wakaua watu, walinzi wakiwamo, wakawamiminia risasi okapi waliokuwa zizini. Walikuwa 14, na hakupona hata mmoja.

Nilipolifikisha daftari langu mbele ya wazazi, Jumapili moja baada ya Misa, nilisoma mpango wote wakasikiliza kwa adabu. Nilipotaja Eringeti, mama mmoja alisimama. Mume wake alikuwa mchuuzi wa vitunguu, akauawa katika njia ile ile. Hakupaza sauti. Alisema, "Mwalimu, mimi sipingi watoto kumwona mnyama. Lakini nataka utuambie, ukifika Komanda utawalaza wapi?" Kila mtu alielewa. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, waumini waliokuwa katika mkesha wa sala kwenye parokia ya Komanda walivamiwa, wakauawa zaidi ya 40, watoto wakiwamo. Nilikuwa na jibu katika daftari, yaani kwamba tungelala Mambasa. Sikulisoma, maana mama hakuwa akiuliza jina la kijiji.

Baba mmoja alisema heri tuwaoneshe picha katika simu, yatosha. Hapo mama yule yule ndiye aliyemkatalia. "Picha za msitu wanazo," alisema, "tena mbaya, kila siku wanatumiana. Mimi mwanangu ananiuliza kama baba yake alikufa kwa sababu ya miti."

Nimewaza sana juu ya neno hilo. Wanande wengi walishuka kutoka milimani kwenda kulima kakao na mpunga kwenye ukingo wa msitu, na nusu ya maduka ya Butembo yamejengwa kwa fedha ya bondeni. Hatuwezi kulea kizazi kinachoishi kwa msitu na kuuchukia, maana atakayeuchukia atakuwa mwepesi kuuza mbao zake zote, na dhahabu iliyo chini yake, bila kuuliza mtu.

Basi tulifuta Epulu. Wazazi walikubaliana nami kuelekea mashariki: Beni, Kasindi, kuvuka mpaka hadi Mpondwe, kupanda mpaka Fort Portal, na kuteremka upande wa pili wa Ruwenzori hadi Hifadhi ya Semuliki katika Bundibugyo. Ni hifadhi ndogo, kilometa za mraba 220 tu, iliyopewa cheo chake mwaka 1993. Lakini msitu wake ni ule ule wa Ituri, mkono wake uliovuka mpaka. Wanasema ndege wake ni zaidi ya aina 400. Huko Sempaya pana chemchemi za maji yanayotokota, na wageni huchemshia mayai. Nilipotaja hilo darasani, nusu ya watoto walisahau okapi.

Okapi hatutamwona huko, nimewaambia wazi. Wala sikuwaficha wazazi kwamba njia ya Kasindi nayo imemwaga damu, na kwamba Juni 2023 wanafunzi waliuawa katika shule yao Lhubiriha, karibu na Mpondwe. Kwa hiyo tumeweka masharti. Tutatembea mchana tu. Siku tatu kabla ya kuondoka tutauliza habari za njia kwa wakubwa wa serikali, kwa mapadre wa parokia zilizo njiani, na kwa madereva, ambao mara nyingi ndio wanaojua kwanza. Mmoja wa hao akisema hapana, tunabaki nyumbani, na fedha ya kila mtoto itarudishwa siku hiyo hiyo. Mzazi yeyote aweza kumtoa mtoto wake hata asubuhi ya safari, asiulizwe sababu.

Inaniuma, sikatai, kwamba mtoto wa Kongo achukue hati ya kuvuka mpaka ili aione miti ya babu yake. Lakini katika hifadhi ile pana njia ya miguu inayokwenda hadi ukingo wa Semliki, na mto huo ndio mpaka. Nataka wasimame pale watazame ng'ambo, kwetu. Katika sehemu ya hifadhi ya Virunga iliyo karibu na mto huo, watafiti walizikuta dalili za okapi mwaka 2006, na mwaka 2008 mitambo ya picha iliyofungwa kwenye miti ikampiga picha usiku, baada ya miaka karibu 50 bila mtu kuthibitisha kwamba bado yupo.

Tumeweka Julai, shule zikiwa zimefungwa na njia zimekauka kidogo. Viatu vya mpira bado vinapungua jozi tisa. Mama yule ameomba awe mmoja wa wazazi watatu watakaotusindikiza, na jina lake nimeliandika la kwanza.