Kitoweo cha Mama: Niliyojifunza Juu ya Protini na Nguvu za Mwili



 

Mwaka huu siandiki juu ya tajwidi wala mirathi kama mlivyonizoea. Siku moja baada ya swala ya alasiri vijana wa darasa la juu walinifuata, mmoja wao kabeba kopo kubwa la unga wa protini. Wakaniuliza, "Ustadh, wewe unanyanyua vyuma. Tule protini kiasi gani kwa siku ili misuli ijae?" Kopo lile walilichangia watu wanne, na mmoja alikiri kwamba sehemu yake ilikuwa pesa ya madaftari. Sikumgombeza, kwa sababu mimi nilifanya makubwa zaidi ya hayo. Niliwaahidi jibu kamili katika jarida, nalo ndilo hili. Nieleweke kwamba mimi si daktari. Stashahada yangu ni ya masomo ya Kiislamu. Ninayoyaeleza ni yale niliyoyasoma, niliyoyauliza kwa wenye fani, na yaliyonifika nyumbani kwangu.

NILIVYOANZA

Nilikuwa na miaka 23, mwembamba, uzito wangu kilo 60. Rafiki yangu fundi uashi alimimina zege katika makopo mawili ya rangi, akayaunganisha kwa bomba la chuma, na uani kwao, hapa hapa Tanga, pakawa ndipo jimu yetu. Tulikuwa tumefundishwa kwamba Mtume (S.A.W.) alisema muumini mwenye nguvu ni bora na anapendwa zaidi na Mola kuliko muumini dhaifu, ingawa katika kila mmoja wao mna kheri. Sisi tulilishika lile la nguvu tu.

Kila aliyepita uani alituachia elimu yake. Huyu alisema tunywe mayai mabichi sita kila alfajiri, yule alisema bila unga wa kopo tunapoteza muda. Mimi nikayafanya yote. Nusu ya mshahara wangu wa mwezi iliishia kwenye kopo moja. Nyumbani nikamwambia mama kuwa sasa najenga mwili, kwa hiyo kitoweo changu kiongezwe. Mama hakubisha. Kila mchana kwenye sinia nilikuta kipande kinono cha samaki kimewekwa upande wangu. Sikuuliza kilitoka wapi.

HESABU YENYEWE

Protini ndiyo ile tuliyofundishwa shuleni kwa jina la vyakula vya kujenga mwili. Mtu mzima mwenye afya, asiyefanya mazoezi mazito, huhitaji kwa uchache gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Anayenyanyua vyuma huhitaji zaidi. Mwaka 2018 watafiti walikusanya matokeo ya majaribio 49 ya watu wanaofanya mazoezi hayo, wakaona kwamba faida ya kuongeza protini husimama kwenye kiasi cha gramu 1.6 kwa kilo. Anayekula zaidi ya hapo, kwa kawaida misuli yake haiongezeki kwa ajili hiyo. Kinachozidi mwili hukitumia kama nguvu ya kawaida, au hukigeuza mafuta.

Kwa hiyo kijana wa kilo 60 azidishe 60 kwa 1.6, atapata gramu 96. Mimi nilipoifanya hesabu hii mara ya kwanza nilidhani lazima ninunue duka zima. Kisha nikaandika chakula cha kwetu:

Mayai mawili ya kuchemsha, gramu 12.
Kikombe cha maziwa, gramu 8.
Kikombe cha maharage yaliyopikwa, gramu 15.
Kipande cha samaki cha gramu 100, gramu 22.
Dagaa wakavu gramu 20, yaani kiganja kimoja, gramu 12.
Karanga kiganja kimoja, gramu 7.
Sahani ya ugali, gramu 12.
Sahani ya wali, gramu 6.

Jumla yake ni gramu 94. Hakuna kopo hapo. Siku ambayo samaki hakupatikana, maharage, choroko au mbaazi huongezwa. Tena mbaazi na wali, au maharage na ugali, husaidiana, kwa kuwa kile kilichopungua katika protini ya nafaka hupatikana katika kunde, na kinyume chake. Wazee wetu waliopika mseto hawakuwa na mizani ya gramu, lakini walipatia.

Na yale mayai mabichi nayo yalikuwa hasara. Utafiti uliofanywa Ubelgiji mwaka 1998 ulionesha kwamba mwili hupata zaidi ya asilimia 90 ya protini ya yai lililopikwa, na karibu nusu tu ya yai bichi. Miezi yote ile nilikuwa natupa nusu ya mayai yangu, tena nikijitafutia maradhi ya tumbo.

SIKU MAMA ALIPOSHINDWA KUSIMAMA

Haya yote niliyajua nikajiona mjuzi. Miaka ikapita, nikaoa, nikapata watoto, na mama akaendelea kukaa nasi. Nilikuwa na daftari ninaloandika gramu zangu kila siku.

Jioni moja, baada ya swala ya magharibi, nilisikia mama akiniita kutoka chumbani. Nikamkuta ameketi juu ya mswala, mkono mmoja umeshika mguu wa kitanda. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, niinue. Miguu imekataa." Nilipomshika mkono nilishangaa. Chini ya ile kanga hamkuwa na nyama. Mimi ninayenyanyua zege, mama yangu nilimwinua kama mtoto.

Kesho yake tulikwenda hospitali. Daktari alimpima, hakukuta mvunjiko wala kisukari, akatupeleka kwa afisa lishe. Yule dada alimuuliza mama kwa heshima, "Bibi, jana ulikula nini?" Mama akanitazama kwanza, kisha akajibu: asubuhi chai ya rangi na slesi mbili za mkate, mchana wali na mchuzi, usiku muhogo.

"Na kitoweo, bibi?"

"Aa, mimi nimeshazeeka. Kitoweo wale wanaokua. Zamani nilimpa huyu, sasa nawapa wanawe."

Sijui niseme nini juu ya dakika ile. Nilijua hapo hapo kile kipande kinono cha uani kilitoka wapi. Nilifanya hesabu yake kichwani, kwa sababu ndiyo kazi niliyoizoea. Haikufika gramu 20. Uzito wake ulikuwa kilo 50. Afisa lishe akatueleza kwamba misuli huanza kupungua kidogo kidogo tangu mtu akiwa na miaka thelathini na kitu, na baada ya sitini hupungua kwa kasi zaidi. Kwa hiyo mzee, asipokuwa na ugonjwa wa kumzuia, huhitaji gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo. Kwa mama ni gramu 50 hadi 60. Yaani kwa kila kilo mzee huhitaji zaidi kuliko mtu mzima wa makamo, nasi tulikuwa tunampa mchuzi.

TULIVYOFANYA

Kwanza, mke wangu alianza kumpakulia mama sahani yake mwenyewe, kitoweo kikiwa ndani, na mmoja wetu huketi naye mpaka amalize. Wajukuu walifundishwa kusema, "Bibi, hiki ni chako." Pili, chai ya rangi ikawa ya maziwa, na yai moja asubuhi. Tatu, tulimsagia dagaa na karanga kwenye mchuzi, maana meno yake ni machache. Nne, tulimwekea kiti imara, akawa anasimama na kukaa mara kumi, asubuhi na jioni, kwa sababu protini bila kazi haijengi misuli, si ya kijana wala ya mzee.

Haikuwa miujiza. Wiki za mwanzo alilalamika kuwa tunamshibisha mno. Baada ya miezi minne aliinuka kutoka kwenye mswala kwa kushika kitanda, bila ya mimi. Kurukuu na kusujudu anafanya, ila siku za baridi huswali juu ya kiti. Alhamdulillah.

NASAHA ZANGU

Wanafunzi wangu, sikusema unga wa kopo ni haramu. Mwingi wake hutokana na maziwa, nayo ni chakula. Lakini someni maandishi yake, na vidonge vya vifuko viulizieni, kwani jelatini yake huweza kuwa ya nguruwe. Wala msiununue kwa pesa ya daftari. Mwenye maradhi ya figo asiongeze protini bila kumuuliza daktari wake. Gawanyeni protini katika milo yote, gramu 20 hadi 30 kila mlo, msiilimbikize usiku. Katika mwezi wa Ramadhani igawanyeni kati ya futari, chakula cha usiku na daku, na daku isiwe chai tupu. Na tusisahau kuwa tumefundishwa kuacha theluthi ya tumbo kwa maji na theluthi kwa pumzi. Gramu 96 zinaingia humo bila taabu.

Lakini jibu langu kwa swali lenu, "tule kiasi gani," lina sehemu ya pili. Leo mkirudi nyumbani, kabla ya kuhesabu gramu zenu, tazameni sinia. Tazameni nani anachovya mchuzi tu na kusema ameshiba. Nchi hii mara nyingi ni mama, au bibi, au dada aliyepika. Mhesabieni na yeye.

Daftari langu bado ninalo. Sasa kila ukurasa una safu mbili, yangu na ya mama, na ya mama ndiyo naijaza kwanza.