Mfupa Unaonasa

Kwenye picha zangu zote za shule nimefunga mdomo. Sisi tuliokulia chini ya Mlima Meru tunajuana kwa meno: ya kahawia, kama kikombe cha chai kisichosuguliwa. Mama alichemsha maji kila jioni, masikini. Kumbe floraidi haiondoki kwa moto. Maji yanapungua, yenyewe inabaki, tena imekolea.

Nilikwenda Ngurdoto, kwenye kituo cha serikali kinachotafiti namna ya kuiondoa, nikitegemea mashine. Nikakuta habari za mifupa ya ng'ombe, ile ile mbwa wanayoigombea nyuma ya machinjio. Inachomwa kwenye tanuru lenye hewa kidogo, inasagwa kuwa chenga nyeusi zenye vitundu visivyoonekana. Moto ukipungua, maji yatanuka. Ukizidi, vitundu vinaziba, kazi bure.

Kilichoniacha mdomo wazi (mimi huyu!) ni kwamba madini ya mfupa ni yale yale ya jino. Floraidi inanasa kwenye chenga kama ilivyonasa kwangu, meno yakiwa bado yanaumbika ndani ya ufizi.

Shida ni kwamba chenga hushiba. Na chujio lililoshiba bado linatoa maji meupe, matamu, hayana harufu. Nani atakumbuka kuzibadilisha?

Binti yangu ana miaka 3, anakaa sana kwa bibi yake. Juzi nimewapelekea chujio. Mama akaonja.

"Ndiyo haya ya mifupa, baba?"

"Ndiyo, mama."

Akamjazia mtoto kikombe. Mimi nikachukua mkaa, nikaandika tarehe ukutani.