Bibi Harusi na Lenzi: Usiyavumilie Macho Yanayokauka

Sisi tunaoshona magauni ya harusi huku Mbagala tunakaa na maharusi tangu vipimo mpaka siku ya kuvalishwa. Siku hizi wengi wanavaa lenzi. Wengine hawaoni mbali na hawataki miwani chini ya shela, wengine wanataka rangi tu. Kilio chao ni kimoja: macho yanakauka na kuchoma, kama yana mchanga.

Lenzi inakaa juu ya machozi. Machozi yakipungua, inakwaruza. Sasa bibi harusi anakaa saluni saa nzima nzima, feni inampuliza usoni, udi unafuka, kisha anaingia ukumbini kwenye kiyoyozi. Na ukikazia macho kitu kimoja, iwe sindano ya cherehani au simu, unasahau kupepesa. Sogea mbali na feni na chetezo, na upepese mara kwa mara.

Kuhusu udhu: kuosha ndani ya jicho si sharti, kwa hiyo lenzi haizuii. Ila maji ya bomba au kisima yasiguse lenzi, yanaweza kuwa na vijidudu vinavyoharibu kioo cha jicho. Osha uso ukiwa umefumba macho, jifute, ndipo ufumbue. Lenzi ikikauka, usiilowanishe kwa maji wala mate. Tumia matone yaliyoandikwa kuwa yanafaa kwa lenzi. Dawa ya kuhifadhia imwage kila siku, uweke mpya.

Hata lenzi za rangi hupimwa, kama gauni, na haziazimwi kwa shoga. Nawa na ukaushe mikono, vaa lenzi kabla ya wanja, zivue kabla ya kutoa vipodozi. Usilale nazo; usiku ule uchovu ni mwingi, basi somo akukumbushe.

Bibi harusi wetu mmoja macho yalimwiva mekundu kabla ya nikaha. Shangazi zake wakasema avumilie, picha zitaharibika. Sisi tukamwambia avue. Alivaa miwani yake, na picha zake ndizo tunazowaonyesha wateja.

Jicho likiuma, likiwa jekundu au likiogopa mwanga, vua lenzi na uwahi kliniki ya macho, kama ya CCBRT Msasani au Muhimbili. Harusi ni siku moja, macho ni amana ya maisha. Allah awahifadhi.